Naomba ushauri: mkopo wa nyumba na jina lililoingia CRB

Wadau, hamjambo. Mimi na mke wangu tunataka kununua nyumba ya vyumba viwili Kitengela, lakini benki imetukatalia kwa sababu niliwahi kuorodheshwa CRB, yaani kwenye taasisi ya Kenya inayotunza rekodi za ulipaji wa mikopo, kama mtu aliyechelewa kulipa. Lilikuwa deni la biashara, duka letu lilifungwa 2020 wakati wa korona. Mwaka jana nililimaliza lote na barua ya kuthibitisha ninayo. Bado ripoti inaonyesha "imelipwa, ilichelewa", na afisa wa mikopo anasema rekodi hiyo hukaa miaka 5 tangu siku ya kulipa. Eti nirudi baadaye! Na mwenye nyumba ameshapandisha kodi.

Mke wangu ni mwalimu, rekodi yake ni safi, ila mshahara wake peke yake hautoshi. Sacco yake hupata fedha za mikopo ya nyumba kupitia KMRC (kampuni ya Kenya inayozipa benki na sacco fedha za kukopesha wanunuzi wa nyumba), na riba ni nafuu kuliko ya benki. Je, akiomba yeye, nami niandikwe tu kwenye hati kama mmiliki mwenza, watanichunguza pia? Kuna aliyekubaliwa baada ya kuongeza malipo ya awali hadi kama asilimia 30? Waliokopa kupitia sacco za walimu, tafadhali nielezeni mliulizwa nini.