Mrejesho: Wanafunzi wa "mwalimu, fomula ni gani?"

Habari zenu. Niliuliza nifanyeje katika hesabu na Gredi ya 8 yangu hapa Kisumu, wanaotupa kalamu wasipoona fomula. Mlinijibu: wape swali moja kipindi kizima, nawe unyamaze. Jamani, huko kunyamaza ni kazi!

Niliwaletea ubao wa drafti, wa 8 kwa 8. Una miraba mingapi? "64!" darasa zima. Na hii minne ikiungana, si mraba pia? Kelele. Wengi walihesabu kwa kidole wakapotea. Binti mmoja, asiyeongea kwa kawaida, akachora ubao mdogo wa 2 kwa 2: miraba 5. Wa 3 kwa 3: 14. Wa 4 kwa 4: 30. Akaona zinaongezeka 9, halafu 16. Wenzake wakadakia, wakaongeza 25, 36, 49, 64 hadi ubao wa 8 kwa 8, wakatua kwenye 204.

Kueleza kwa nini ndiko kulikowashinda. Nilikata karatasi ya 2 kwa 2, wakaisogeza juu ya ubao: nafasi 7 kwenda kulia, 7 kwenda chini, basi miraba 49 ya 2 kwa 2. Wakaelewa.

Silabasi nayo inanikimbiza, kwa hiyo nafanya hivi Ijumaa tu. Mwenye swali la aina hii anitumie, la wiki ijayo sina.