Viatu vya kuanzia mazoezi ukubwani

Swali: Ndugu zangu, asalaam aleikum. Nina miaka 58 na daktari amenishauri nitembee kila asubuhi. Je, raba za soli bapa zitanifaa kutoka Ngamiani hadi Raskazone, hapa Tanga mjini?

Jibu: Waaleikum salaam, mzee wangu. Hazifai, kwa kuwa umri unapozidi, mafuta yanayokinga kisigino hupungua, na soli bapa hupeleka kishindo cha lami moja kwa moja kisiginoni na gotini. Tafuta kiatu kilicho kigumu nyuma, kinachopinda penye vidole wala si katikati.

Jibu: Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Mtumba si mbaya (bei nayo ni afueni), ila ukague soli isiwe imelika upande mmoja.

Jibu: Mzee akiwa na kisukari, amwonyeshe daktari miguu kwanza, kwani ganzi huficha malengelenge.