Mrejesho: zoezi moja kwa darasa zima

Wadau, niliuliza namna ya kuandaa zoezi la hisabati kwa darasa lenye wanaomaliza haraka na wanaokwama mwanzoni. Mlinishauri niachane na karatasi tatu tofauti, nitoe swali moja tu. Nikawapa hili: chora mistatili yenye mzingo wa sm 24, tafuta wenye eneo kubwa zaidi.

Waliozoea kukwama walihesabu vimraba kwenye karatasi ya grafu: 2 kwa 10, eneo 20, 5 kwa 7, 35. Mmoja akafika 6 kwa 6, akapata 36, kisha akafuta! Eti mraba si mstatili. Ubishi huo ulikula dakika kumi, na sijutii. Wale wepesi nikawataka wathibitishe kwa nini 36 haipitiki, hata kwa desimali. Kimya. Kengele ikatukuta hapohapo, kesho tunaendelea.