Naomba ushauri: nithibitishe vipi kuwa 67,280,421,310,721 ni namba tasa?

Wakuu, 2 kwa kipeo cha 64 ukiongeza 1 ni 18,446,744,073,709,551,617, na inagawanyika kwa 274,177. Usiigawe moja kwa moja kwenye Excel: ina tarakimu 20, Excel hutunza 15 tu, baki litakuwa la uongo. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, kisha jibu nalo lizidishe kwa lenyewe, jumla mara sita, kila hatua ukibakiza baki la kugawa kwa 274,177. Mwisho ni 274,176. Ongeza 1, imegawanyika. Njia safi kabisa!

Tatizo ni kigawo kilichobaki, 67,280,421,310,721. Vigawo vyake tasa, ukivigawa kwa 256, lazima vibakize 1, lakini hadi kipeuo chake cha pili bado kuna namba 32,000 hivi za kujaribu. Kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2 (namba n hupita kama 2 kwa kipeo cha n − 1, ukiigawa kwa n, inabakiza 1) hakisaidii, maana kigawo chochote cha namba ile ya tarakimu 20 hukipita, kiwe tasa au la. Kuna njia fupi ya uhakika?