Seli za insulini katika kisukari cha aina ya pili: hufa au huchoka?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikisikia kwamba kisukari cha aina ya pili ni mwili kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Sasa daktari ananieleza kuwa kongosho langu lenyewe limepungukiwa nguvu, na vidonge pekee havitoshi tena. Je, seli zinazotengeneza insulini zimekufa, au zimechoka tu na zinaweza kurejea kazini?

Jibu la 1
Yote mawili hutokea. Mwili unapokuwa sugu, seli beta za kongosho, ndizo zinazotengeneza insulini, huongeza uzalishaji, na watu wengi wenye usugu huo hawaugui kamwe kwa sababu seli zao zinamudu. Zikianza kushindwa, hutangulia kupotea ule mmiminiko wa haraka wa insulini unaotoka mara tu sukari inapopanda. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulikadiria kuwa mgonjwa anapogunduliwa, takriban nusu ya uwezo wa seli hizo umekwisha kupotea.

Jibu la 2
Niongeze yanayotokea ndani ya seli. Insulini huanza kama proinsulini, ambayo sharti ikunjwe sawasawa ipate umbo lake. Kazi ikizidi, proinsulini zilizokunjwa vibaya hurundikana, na seli ikishindwa kuziondoa hujiua yenyewe. Sukari ikikaa juu muda mrefu huzalisha pia kemikali haribifu za oksijeni, na seli beta, kwa bahati mbaya, zina vimeng'enya vichache vya kuzikabili. Kuna na amilini, protini inayotolewa pamoja na insulini, ambayo hugandamana na kuzisonga seli.

Jibu la 3
Mimi nisingeharakisha kusema zimekufa. Mwaka 2012, utafiti wa panya ulionyesha kuwa seli nyingi zilizotoweka zilikuwa hai, ila zimeacha kuwa seli beta na hazitengenezi insulini. Kwa binadamu, katika jaribio la DiRECT lililotangazwa 2017, karibu nusu ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikaa bila kisukari na bila dawa baada ya mwaka mmoja, ingawa walioshiriki hawakuwa wameugua zaidi ya miaka sita. Muulize daktari kuhusu kipimo cha C-peptidi: kongosho huitoa sambamba na insulini yake, lakini haimo katika insulini ya sindano, hivyo huonyesha uwezo uliobaki nao wa kutengeneza insulini hata ukiwa umeshaanza kujidunga. Na sindano yenyewe usiiogope, kwani sukari ikishuka seli zilizosalia hupunguziwa mzigo.