Wana Arusha na Moshi: kung'ang'ania chapa moja ya simu ni akili au ushabiki?

Wakuu, salaam. Juzi kwa fundi simu, jirani na Soko la Kilombero, vijana wawili nusura washikane mashati. Mmoja ana Infinix, mwingine Tecno, na kila mmoja anaapa kwamba ya mwenzake ni takataka. Nikawauliza kama wanajua kuwa zote mbili, pamoja na itel, ni mali ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Hawakujua. Yaani watu wanavunja urafiki kwa nembo mbili za tajiri mmoja!

Mimi nasema chapa haistahili kupendwa hivyo. Mwaka 2017 Apple walikiri kupunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri iliyochoka. Walieleza kwamba ni kuzuia simu isizimike ghafla, sawa, lakini mwenye simu hakuwa ameambiwa waziwazi. Aliyeona simu imekuwa nzito alikimbilia dukani kununua mpya, kumbe tatizo betri tu. Mashabiki wakawatetea hata hapo.

Nipingeni.

Jibu kutoka Moshi:
Kaka, umewasema wapenda simu, sisi wengine umetusahau. Nauza nguo Mbuyuni na hii Tecno yangu ni ya tatu. Nembo hainihusu. Kioo kikipasuka asubuhi, jioni nimeshabadilishiwa, maana vioo vyake vimejaa mjini. Niliwahi kujaribu chapa nyingine. Kioo nilikisubiri wiki tatu kije kutoka Kariakoo, na oda zote za wateja ziko WhatsApp. Hasara ile nani angenifidia? Ukiniona nimerudi palepale usiniite shabiki.

Mwenye mada:
Dada, hapo nakubali, spea ni sababu ya kweli. Wewe umepiga hesabu, wale vijana hawakupiga. Ila ongeza jambo moja kwenye hesabu yako: masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya programu ambayo kampuni huituma kwenye simu kuziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Samsung walipotoa Galaxy S24 mwaka 2024 waliahidi miaka 7. Simu nyingi za bei yetu hazikaribii hapo, na humohumo ndimo tunamoweka M-Pesa. Muuzaji ukimuuliza masasisho yatakuja miaka mingapi, anakuonyesha kamera.

Mliokaa na simu moja zaidi ya miaka minne, tajeni ni ipi, na betri mmebadilisha mara ngapi.