Naomba ushauri: nina mimba ya wiki 14, majibu ya toksoplazimosisi yamenichanganya

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Wiki iliyopita nilipima toksoplazimosisi (maambukizi ya kimelea anayepatikana kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva), majibu yakaja IgG chanya na IgM chanya, yaani aina mbili za kingamwili kwenye damu. Aliyenipa karatasi alisema tu "una ugonjwa wa paka", akaita mwingine. Sina homa wala tezi zilizovimba.

Nyumbani tuna paka mmoja, mwindaji wa panya hodari. Mama mkwe anataka atupwe leo hii. Ninavyojua, kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kuambukiza, kwa hiyo mume wangu anakizoa kila siku, mimi sigusi. Mboga za kachumbari naziosha vizuri. Ila mishikaki, nakiri, nilikuwa napenda ile isiyoiva sana. Nimeacha.

Naomba kuuliza: IgM ikiwa chanya ni lazima maambukizi yawe mapya? Maana nasikia hubaki kwenye damu miezi mingi. Na kile kipimo cha kuonyesha kama IgG ni ya zamani au ya karibuni, kuna aliyewahi kukifanya hapa Dar es Salaam? Kliniki nimepangiwa baada ya wiki 3, nami usingizi sipati.